Bastola Kiunoni, Gitaa Mkononi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wapenzi wa picha za zamani, katikati ya picha mbili zilizoonyeshwa jioni moja

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango:

Picha tuliyomaliza kuitazama sasa hivi, Under Western Stars, ilitoka mwaka 1938. Inachukua saa moja na dakika chache, na katika muda huo mtu mmoja amepanda farasi, amepigana ngumi, amegombea ubunge, ameshinda, amekwenda Washington na kurudi, na bado amepata nafasi ya kuimba mara kadhaa bila kofia yake kupinda. Nilikaa pembeni nikiwatazama ninyi kuliko nilivyoitazama skrini. Roy Rogers alipofungua kinywa mara ya kwanza kule nyuma kulizuka kicheko. Alipofika kwenye wimbo wa vumbi, kicheko kilikuwa kimekwisha, na nilimwona mzee mmoja ameinama mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza habari za kijijini kwake. Mada niliyopewa inauliza kwa nini picha hizi za bei rahisi za kauboi mwimbaji ziliwapendeza watu wengi kiasi kile, na kwa nini baadhi yetu zinatupendeza mpaka leo. Naona sehemu ya jibu imetolewa na ukumbi wenyewe kabla sijasimama.

Naomba nianze na kasoro, nisije nikaonekana mtu aliyepofushwa na mapenzi. Hadithi ni ile ile. Kuna ranchi inayotaka kunyang'anywa, kuna binti wa mwenye ranchi aliyemwelewa stelingi vibaya, na kuna bwana mmoja mwenye suti safi na masharubu yaliyochongwa ambaye hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba ndiye adui, ila watu wote wa mji ule hawajui mpaka dakika kumi za mwisho. Mandhari nayo ni yale yale, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha hizi zilipigwa kwenye miamba ya ranchi ya Iverson huko Chatsworth, pembeni mwa Los Angeles, au kwenye vilima vya Alabama Hills karibu na mji mdogo wa Lone Pine. Mtazamaji mzoefu huyajua mawe hayo kama anavyoyajua majirani zake. Jiwe ambalo wiki iliyopita lilikuwa Texas, wiki hii liko Arizona, na wiki ijayo atajificha nyuma yake jambazi wa Mexico.

Halafu kuna usiku. Mwanzoni mwa picha hizi nilidhani mkanda umeharibika, mpaka nilipotazama chini ya matumbo ya farasi nikaona vivuli vifupi, vyeusi, vya saa sita mchana. Kupiga picha usiku kulihitaji taa, na taa zilihitaji fedha, kwa hiyo walipiga picha jua likiwaka na kuitia giza kwa vichujio vya kamera na kazi ya maabara. Ndiyo maana stelingi anamwimbia binti wimbo wa mbalamwezi huku wote wawili wamekunja macho kwa ukali wa jua.

Umaskini huo haukuwa wa bahati mbaya, na ndio ninaotaka tuuangalie kwa karibu, kwa sababu naamini wimbo ulizaliwa humo. Katika miaka ya 1930, wakati mdororo mkuu wa uchumi ulipopunguza watazamaji, majumba mengi ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha picha mbili kwa tiketi moja: moja kubwa, yenye mastaa, na moja ndogo ya kusindikiza. Studio ya picha kubwa ililipwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Picha ndogo ilikodishwa kwa bei iliyopangwa mapema, na kwa hiyo mtayarishaji wake alijua tangu mwanzo kwamba hata watu wakijaa mpaka juu ya paa, fedha itakayomrudia haitazidi kiwango fulani. Faida yake yote ilitoka katika kubana matumizi. Kampuni za namna hiyo, kama Monogram, Mascot na Grand National, zilipewa jina la utani lenye maana ya Mtaa wa Ufukara, na zilitengeneza picha nzima kwa wiki moja au mbili.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mtayarishaji huyo. Unahitaji dakika sitini. Ng'ombe mia tano wanaotimka kwa hofu ni gharama. Watu thelathini wa kupanda farasi na kuanguka ni gharama. Mji unaoungua ndio usiseme, isipokuwa uwe na kipande cha moto wa mji kutoka picha ya zamani, na vipande hivyo kweli walivitumia tena na tena. Lakini mtu mmoja, farasi mmoja na gitaa moja hukupa dakika tatu nzima kwa gharama ndogo mno, na katika dakika tatu hizo mtazamaji hajaibiwa kitu, maana amepata wimbo. Wimbo ndio ulikuwa tamasha pekee ambalo maskini wa Hollywood wangeweza kulimudu kila wiki. Wenye fedha walijenga treni na kuipindua. Hawa walikuwa na koo la mtu.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kubahatisha. Ken Maynard, mpanda farasi hodari kuliko alivyokuwa mwimbaji, aliimba mara tu sauti ilipoingia katika picha, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1933 walimvika kazi hiyo hata John Wayne, akiwa bado kijana wa picha za bei rahisi. Akaitwa Sandy Mwimbaji, akawa anatembea kwenda kupigana bastola huku akiimba kwa sauti nzito ambayo haikuwa yake, kwa kuwa aliazimwa koo la mtu mwingine. Ukiitazama leo unaona taabu usoni mwake. Mtu yule alijua kutembea, alijua kutazama, alijua kunyamaza, lakini kufungua mdomo kwa wakati uliopangwa na mwingine kulimshinda, na hakukawia kuacha.

Aliyeweza alikuwa mpiga simu za maandishi wa kampuni ya reli. Gene Autry alizaliwa mwaka 1907 huko Tioga, Texas, akafanya kazi ya telegrafu kwenye vituo vya reli vya Oklahoma, zamu za usiku, akijiliwaza kwa gitaa. Alianza kurekodi sahani akimwiga Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa reli aliyekuwa na namna ya kuirusha sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba, iitwayo yodeli; baadaye akapata kipindi cha redio huko Chicago, na wimbo wake wa mwaka 1931 kuhusu baba mwenye mvi ukauzwa kwa wingi mno. Kampuni ya Sears iliuza kwa katalogi gitaa lenye jina lake, lililotumwa kwa posta mpaka kwa mtoto wa mkulima aishiye maili nyingi kutoka mji wowote. Alipofika Hollywood mwaka 1934, basi, hakuwa mwigizaji aliyefundishwa kuimba. Alikuwa sauti ambayo watu wa mashamba walikuwa nayo tayari ndani ya nyumba zao, na sasa walikuwa wanaletewa uso wake.

Kama mwigizaji hakuwa kitu kikubwa, na nadhani alilijua hilo kuliko wakosoaji wake. Mtazameni akipokea habari mbaya: anasimama tu, mikono haijui pa kwenda. Ila ukimpa gitaa, mabega yanashuka, macho yanatulia, na mtu aliyekuwa anaigiza anageuka kuwa mtu aliyeko nyumbani.

Ruhusuni nikae kidogo kwenye kazi yake kubwa ya kwanza, kwa kuwa sijapata kuona kitu cha ajabu kama kile. Mwaka 1935 Mascot ilimpa Autry mfululizo wa sehemu kumi na mbili ulioitwa The Phantom Empire. Humo yeye ni mwimbaji aitwaye Gene Autry, mwenye ranchi iitwayo Radio Ranch, na mkataba wake unasema kwamba ni lazima aimbe redioni kila siku saa nane mchana, la sivyo ranchi inapotea. Kumbe chini ya ranchi hiyo, maelfu ya futi ardhini, kuna mji wa watu wa kale wenye malkia, mitambo ya kuonea mbali na maroboti ya bati. Kwa hiyo kila sehemu mtu huyu anatekwa na watu wa chini ya ardhi, anaponea chupuchupu kufa, anapanda juu kwa lifti, anapanda farasi, anakimbia, na anafika mbele ya kipaza sauti akihema, saa nane kamili, anachukua gitaa na kuimba kana kwamba ametoka kunywa chai. Wataalamu wameandika mengi kuhusu mfululizo huo. Mimi naona humo hali ya mfanyakazi yeyote wa wakati ule wa njaa: dunia inaweza kupasuka chini ya miguu yako, lakini ukichelewa kazini umekwisha.

Mwaka huo huo wa 1935, Herbert Yates, aliyekuwa na maabara ya kusafishia filamu na aliyedaiwa fedha na kampuni nyingi ndogo, aliziunganisha kadhaa kuwa kampuni moja, Republic Pictures. Autry akawa mhimili wake. Mwaka 1940, wenye majumba ya sinema walipotaja waigizaji waliowaletea fedha kuliko wote Marekani, yeye alishika nafasi ya nne, baada ya Mickey Rooney, Spencer Tracy na Clark Gable. Fikirini maana yake. Picha zake hazikuwa zikipewa nafasi ya maana katika majumba ya kifahari ya New York. Zilionyeshwa Jumamosi mchana, kwa senti chache, katika miji midogo ya kusini na magharibi ya kati ambayo majina yake hakuna aliyeyajua, na miji hiyo midogo ilipohesabiwa pamoja ikatoa nafasi ya nne. Kijiji cha Berwyn huko Oklahoma kiliacha jina lake mwaka 1941 kikajiita Gene Autry, na hivyo ndivyo kinavyoitwa hadi leo.

Umaarufu huo huo ndio uliotuletea picha ya jioni hii. Republic ilikuwa na tabia ya kuwauzia wenye sinema kwa fungu, kama yule mama wa sokoni anayekwambia nyanya hizi nzuri siziuzi peke yake, chukua na hizi zilizopondeka: ukitaka picha za Autry, ununue na takataka nyingine zote za mwaka mzima. Autry alilichukia jambo hilo, na malipo yake pia hayakumridhisha, akawa anatishia kugoma. Kampuni ikamtafuta mtu wa kuziba pengo, ikampata kijana aliyekuwa tayari anaimba katika kundi la Sons of the Pioneers, aliyezaliwa Cincinnati, Ohio, kwa jina la Leonard Slye. Mwenyewe alizoea kusimulia kwamba alisikia habari za usaili huo akiwa katika duka la kofia. Akapewa mkataba Oktoba 1937, dola 75 kwa wiki, na jina jipya, Roy Rogers.

Huyu kijana alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Alipofika California mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichuma mapichi na kulala katika kambi za vibarua, pamoja na familia zilizofukuzwa na ukame na madeni. Kwa hiyo mnapomwona katika Under Western Stars akigombea ubunge ili kampuni ya maji ifungue bwawa kwa wafugaji, msidhani ni mtu wa studio aliyevalishwa huruma. Rudini kwa macho ya akili kwenye ile karamu ya Washington. Waheshimiwa wamekaa kwa nguo zao za jioni, taa zinazimwa, na kijana wa mashamba anawaonyesha picha za mashamba yaliyofunikwa na mchanga na mifugo inayokufa. Anaeleza kidogo, kisha anaacha kueleza, anaanza kuimba wimbo wa Johnny Marvin uitwao "Dust", taratibu, karibu kama mtu anayesali. Ukumbi wa kwenye skrini uko gizani ukitazama vumbi, na sisi tuko gizani tukiutazama. Wimbo ule uliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar mwaka huo, jambo ambalo picha ya kujaza nafasi ya pili haikutarajiwa kulifikia, na mwaka 2009 picha yenyewe iliingizwa katika hazina ya taifa ya filamu za Marekani.

Mmegundua pia kwamba adui alikuwa kampuni. Katika picha nyingi za Autry za miaka ile pia, mwovu ni meneja wa bwawa, mwenye benki, dalali wa ardhi aliyesikia kabla ya wengine kwamba reli itapita hapa. Farasi wapo, lakini magari yapo pia, simu zipo, na redio inalia sebuleni. Karne mbili zimefungwa katika kamba moja na hakuna anayeshangaa. Watu wazima wa mjini waliyacheka mambo hayo. Mtoto wa mkulima wa Oklahoma hakuwa na sababu ya kucheka, kwa sababu kwao pia kulikuwa na farasi zizini, redio juu ya kabati, na barua ya benki juu ya meza.

Sasa nije kwenye uimbaji wenyewe, maana hapo ndipo wenzetu wa nchi nyingine hukwama. Husema si kawaida mtu kuimba katikati ya hatari, na wanauliza violini na kodiani tunazozisikia zimetoka wapi wakati jangwani pale kuna gitaa moja tu. Zimetoka studio: wimbo ulirekodiwa mapema, ukapigwa kwa spika pale nyikani, na mwimbaji akafuatisha kwa midomo huku gari lenye kamera likikimbia sambamba na farasi wake. Nasema bila wasiwasi kwamba swali hilo halimsumbui mtu aliyelelewa pwani hii kwa picha za Kihindi. Sisi tuliokaa katika sinema za Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, au hata katika kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao, tulijifunza tangu utotoni kwamba moyo wa stelingi ukijaa, nyimbo zinatoka, na ngoma zinazotoka nazo hazidaiwi kitambulisho. Mjomba wangu, aliyenionyesha kauboi mwimbaji wa kwanza kwenye mkanda wa video uliochakaa mpaka unanyesha mvua, alitoa hukumu moja tu: huyu ni stelingi wa Kihindi aliyepotea njia.

Wimbo unamfanyia stelingi kazi ambayo bastola haiwezi. Kwamba stelingi hafi, hilo tulilijua wote kabla ya tiketi kukatwa, na kwa hiyo hofu peke yake haiwezi kutushika kwa saa nzima. Anapoimba anatuonyesha kwamba hana haraka. Yule mwingine, kauboi mkimya wa picha kubwa, amebeba jeraha la zamani, haaminiki, na mwishoni lazima aondoke peke yake kwa kuwa mji uliookolewa naye haumwezi. Kauboi mwimbaji hukaa. Ana marafiki, ana mchekeshaji wake mnene, Smiley Burnette, mwenye sauti ya chura, anajua majina ya watoto, na jioni watu wote hukaa naye kuzunguka moto. Kupigana kwake ni kama kazi ya zamu; akimaliza anarudi kwenye gitaa. Kwa watu waliokuwa wakihama na magodoro juu ya magari mabovu, kumtazama mtu aliyetulia mahali pake, mwenye nafasi ya kuimba ubeti wote mpaka mwisho, kulikuwa na raha ambayo si rahisi kuipata katika picha iliyotengenezwa kwa ustadi zaidi.

Wala uimbaji huo haukutungwa na Hollywood kutoka hewani. Makauboi halisi, wale waliopeleka ng'ombe kutoka Texas mpaka kwenye reli za Kansas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walilinda kundi usiku kwa kulizunguka wakiimba polepole, ili mnyama aliyeshtuka gizani ajue kwamba kinachosogea ni mtu anayemfahamu. Nyimbo nyingine zilikuwa za dini, nyingine hazifai kusemwa mbele ya wazee. Wafugaji wetu wanaowaimbia ng'ombe wao hawatahitaji maelezo zaidi ya hapo. Nyimbo za kwenye picha, lakini, zilitungwa na watunzi wa kulipwa, na wimbo maarufu kuliko zote kuhusu magugu makavu yanayoviringishwa na upepo wa jangwani ulitungwa na Bob Nolan, mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, wakati akiwabebea matajiri wa Los Angeles fimbo zao za gofu. Jangwa alilijua kwa kuwa alikaa Arizona ujanani, na nadhani kulikumbuka akiwa kwenye nyasi zilizonyweshwa maji kulimsaidia kulitamani.

Nyimbo hizo zilisafiri mpaka karibu na sisi kuliko mnavyodhani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alifika na mitambo yake kwa Wakipsigis, huko Kapkatet, Kenya. Pale alirekodi wasichana wakiimba, wakifuatwa na kinubi cha kienyeji, wimbo wa kumsifu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Sahani zake zilikuwa zimewafikia kupitia gramafoni, na yule ambaye Autry alimwiga alipokuwa mpiga telegrafu amekwisha kufariki tangu mwaka 1933, hajui kwamba huku kwenye vilima vya Kericho sauti yake ya kurukaruka imempa kwato. Na huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1950, vijana wa mitaani walijiita Mabill kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa, wakatembea na wakasema kwa namna waliyoiokota katika picha za kauboi. Sidai kwamba wote hao walikuwa wakimtazama Autry. Nadai tu kwamba kofia ile pana haikuwahi kukaa kwao.

Ziko kasoro ambazo siwezi kuzitania kama nilivyotania mawe na vivuli. Inakadiriwa kwamba katika njia zile za ng'ombe za Texas karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na ufundi wenyewe, kamba, tandiko na hata maneno yake, ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Katika picha za Republic, Mweusi akitokea ni mpishi au mtumishi wa kuchekwa, Mmexico ni mtu wa fiesta au jambazi, na mwenye ardhi wa asili, kama yupo, amesimama pembeni na blanketi. Huku nje ya skrini, katika miji mingi ya kusini, mtoto Mweusi aliyetaka kumwona Autry alipanda ngazi za nyuma mpaka roshani ya juu, akakaa huko mbali na wenzake weupe, akamshangilia kwa sauti ile ile.

Ndiyo maana sikutaka jioni yetu iishie kwa Rogers. Mwimbaji wa bendi za jazi, Herb Jeffries, aliona kuna mamia ya sinema zinazohudumia watu Weusi na hakuna kauboi hata mmoja wa kuwaimbia, akatafuta wa kumsaidia, na mwaka 1937 ikatoka picha ya kauboi mwimbaji yenye waigizaji Weusi watupu. Zikafuata tatu nyingine kabla ya mwongo ule kwisha. Sehemu yake zilipigwa katika ranchi ya wageni iliyomilikiwa na Mweusi karibu na Victorville, California, kwa fedha ambazo kwa Republic zingeonekana ni za chai. Kama nilisema umaskini ndio uliozaa wimbo, basi hapa mtauona umaskini wa umaskini, na mtasikia kilichotoka humo, kwa kuwa Jeffries alikuwa na sauti kuliko wote niliowataja. Muda si mrefu baadaye alikuwa akiimba na bendi ya Duke Ellington. Aliishi mpaka mwaka 2014, akafikisha miaka mia moja.

Habari za mwisho wa aina hii ya picha ni fupi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyovunja uuzaji wa fungu, televisheni ikaingia sebuleni, na Autry mwaka 1950, kisha Rogers mwaka uliofuata, wakahamia huko na farasi wao. Rex Allen ndiye aliyefunga mlango wa Republic mwaka 1954. Picha nyingi hazikuongezewa muda wa hakimiliki, na ndiyo sababu leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama bure, ingawa nyingi zimekatwa ili zienee katika muda wa televisheni, na mara nyingi kilichokatwa ni wimbo.

Mtambo naona uko tayari, kwa hiyo namalizia na picha inayofuata, The Bronze Buckaroo ya mwaka 1939. Kuna mtu humo anauziwa nyumbu anayesema. Namaanisha nyumbu mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti. Aliyemuuza ni fundi wa kutupa sauti, na mnunuzi atakaa na mnyama wake akimbembeleza aseme hata neno moja. Ninyi mliocheka mwanzoni, nawaomba muwe makini hapo, kisha msubiri Jeffries aingie katika chumba cha makauboi na wale Four Tones waanze kuitikia nyuma yake. Chumba ni kidogo, kamera haisogei sana, na ukutani kivuli cha mtu mmoja kinaweza kuwaangukia wengine. Sikilizeni jinsi wanavyopokezana ubeti. Naomba taa zizimwe.